Uso Wangu Kwenye Chupa za Kakuma

Mkinikuta soko la Lodwar nimejifunga shuka mpaka puani, msidhani nakimbia vumbi. Vumbi nimezaliwa nalo. Ninachokwepa ni macho ya watu, maana kuna wakati sikuweza kununua hata nyanya bila mtu kunishika mkono na kuniuliza, "Wewe si ndiye mama wa kwenye chupa?" Na kweli ndiye mimi.

Ninyi mnaosomea dawa, hasa wale mnaotaka kuwa watafiti, mmeniomba zaidi ya mara moja nije chuoni kwenu niwaeleze nilivyofanikiwa. Kila mara nimesingizia magoti. Magoti yangu ni mazima. Nilichokosa ni sura ya kusimama mbele yenu. Sasa nimeamua kuandika, kwa sababu mtu akiandika hakuna anayemwona akiinamisha kichwa.

Naitwa Akai. Nimestaafu, naishi Kanamkemer, na asubuhi nyingi utanikuta nikimwagilia mwarobaini wangu ambao haujawahi kunishukuru. Kazi yangu ilikuwa famakolojia, yaani kuchunguza dawa inaufanyia nini mwili, na mwili nao unaifanyia nini dawa. Nyumbani hawakuielewa kamwe. Mama yangu, mpaka anafariki, aliwaambia watu kwamba binti yake ni daktari asiyejua kudunga sindano. Hakukosea sana.

Aliyenifundisha kazi alikuwa profesa mmoja mfupi, mkali, ambaye wanafunzi tulimpa jina la Kipimo. Ukimwambia kitu fulani ni sumu, anauliza, "Kwa kipimo gani?" Ukimwambia kitu fulani ni dawa, anauliza vilevile. Ukimwambia chai ya leo ni tamu, jibu ni lilelile. Siku moja mwenzetu alikuja kumwomba ruhusa kwa sababu amefiwa na babu yake. Tulimwona mzee anafungua mdomo, akaufunga tena. Sijui kama alijizuia mara nyingine yoyote maishani mwake.

Kwake nilijifunza mambo ninayowaachia bila malipo. Kabla ya kupima kitu chochote, pima maji matupu kwanza, ujue mashine yako inadanganya kiasi gani. Andika kwa wino, wala usifute. Kosa lililofutwa hurudi na marafiki zake. Na usionje. Hilo la kuonja nalijua kwa tumbo langu. Nilikuwa mwanafunzi, nikaonja rojo la gome fulani nililokuwa nimechemsha, kwa kuwa tangu utotoni nilimwona mama akilitafuna gome hilohilo bila kudhurika. Nilisahau kwamba mama alitafuna kipande cha ukubwa wa ukucha, na mimi nilikuwa nimechemsha debe zima mpaka likabaki kijiko. Nilishinda chooni mchana kutwa. Kipimo alisimama nje ya mlango, na hakuja kunipa pole. "Kiasi gani?" alikuwa akiita. "Akai! Ulionja kiasi gani?"

Lakini sikukaa kuandika ili niwachekeshe.

Kuna mti unaoota kwenye kingo za mto Turkwel. Sitautaja jina, umetajwa vya kutosha. Wazee wetu huchemsha magome yake kwa maumivu ya tumbo. Miaka mingi baadaye, nikiwa mhadhiri Nairobi, mimi na wanafunzi wangu tuliwapa panya wa maabara wenye kisukari maji ya magome hayo, na sukari yao ikashuka. Hayo ndiyo yote tuliyoyaona. Tukaandika makala, ikachapishwa. Mwishoni tukaweka ile sentensi ambayo kila mtafiti wa mitishamba huiweka: kwamba mti huu unaweza kuwa chanzo cha tiba mpya ya kisukari. Huwekwa kama watu wanavyomalizia barua ya kiofisi kwa "wako mtiifu". Hakuna anayeiamini, na hakuna anayethubutu kuiacha.

Kwa wale ambao bado hamjui mambo haya: mtafiti akiandika, ni lazima ataje kazi za waliomtangulia. Kila unapotajwa, unahesabiwa. Wingi wa kutajwa ndio unaokupandisha cheo, unaokuletea ruzuku, unaofanya ualikwe kwenye mikutano ya hoteli. Zamani zetu hukuweza kujua nani amekutaja. Ulipata postikadi kutoka ng'ambo, mtu anaomba nakala ya makala yako, ukaitembeza kwa wenzako wiki nzima. Siku hizi simu inakuambia kila kitu, hata kama hukuuliza.

Makala yangu ya mti ilitajwa, ikatajwa, ikatajwa. Kutoka India, Brazili, Misri, Uchina. Mmoja aliandika "Bwana Akai na wenzake". Mwingine alinitaja kama ushahidi kwamba mti ule unaponya malaria, na neno malaria halimo kwenye makala yangu, hata kwa bahati mbaya. Nilipaswa kumwandikia. Badala yake nilifurahi, maana hesabu ilikuwa imepanda. Nikiamka, kabla sijaosha uso, nilishika simu kuangalia. Marehemu mume wangu alikuwa akigeuka kitandani na kuniuliza, "Wameamkaje leo?" kama mtu anayeulizia mifugo. Nilimjibu kwa uzito: wameongezeka.

Nilipostaafu na kurudi nyumbani, jamaa walinifanyia sherehe katika ukumbi wa kanisa hapa Lodwar. Mbuzi walichinjwa, nikavikwa shanga shingoni mpaka kidevu kikakosa pa kukaa. Msema-chochote, yaani MC wa sherehe, alikuwa Ekal, mtoto wa marehemu kaka yangu. Ekal ni mtu mzima, ana mke na watoto, na ana duka Kakuma, kando ya barabara inayotoka Kitale kwenda Lokichoggio. Anajua Kisomali cha kuuzia na Kiarabu cha Juba cha kupatania bei, na ulimi wake unaweza kumuuzia mvuvi wa Kalokol samaki. Siku hiyo aliinua simu juu akasoma mara ngapi shangazi yake ametajwa duniani. Watu hawakujua kinachohesabiwa ni nini, lakini walisikia ni nyingi, wakapiga makofi na vigelegele. Mzee mmoja alimwinamia jirani yake akauliza, "Ni mbuzi?"

Nami nikacheka, nikapigwa picha nikicheka.

Miezi ikapita. Nikapanda basi kwenda Kakuma kumsalimia Ekal na familia yake, kwa kuwa duka lake sikuwa nimeliona tangu alipolipanua. Niliingia kutoka kwenye jua kali, macho bado hayajazoea kivuli, nikaona rafu nzima ya chupa, na kwenye kila chupa mwanamke mwenye shanga anacheka. Chini ya kidevu chake kumeandikwa: DAWA YA SUKARI YA PROF. AKAI. IMETAJWA NA WANASAYANSI WA DUNIA NZIMA.

Niseme kweli, kwa sababu nimekwisha kuanza. Kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba picha imetoka vizuri. Aibu ilikuja ya pili, ikihema, kama mtu aliyechelewa.

"Ejok, Anti!" Ekal alitoka nyuma ya kaunta, mikono wazi.

"Ejok-noi. Ekal, hii ni nini?"

"Si ni wewe! Nilitaka uone na macho yako. Inatoka mbaya sana. Jana nimemaliza katoni tatu, wengine wanatoka mpaka Lokichoggio."

"Ndani kuna nini?"

"Ile miti yako ya Turkwel. Tunachemsha hapo nyuma. Nimeongeza asali kidogo, juu watu walikuwa wanatapika."

"Asali? Kwa wagonjwa wa kisukari?"

"Kidogo tu, Anti."

"Kwa kipimo gani?" nilimuuliza, na nikasikia sauti yangu imekuwa ya mzee aliyesimama nje ya choo.

Kabla hajajibu, mwanamke aliingia. Alikuwa mrefu kama watu wengi wa kwao, Sudan Kusini, na alichechemea. Kandambili ya mguu mmoja ilikuwa imekatwa ubavuni ili kuacha nafasi ya kitambaa kilichofungwa juu ya vidole. Baadaye nilikuja kumjua: Mama Achol, mkazi wa kambi ya wakimbizi kwa miaka mingi, kiongozi wa kwaya ya akina mama kanisani. Alitazama chupa, akanitazama, akarudi kwenye chupa. Kisha akauchukua mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Ni wewe? Ni wewe kabisa?"

"Ni mimi, mama. Lakini..."

"Mungu amekuleta. Mimi mgonjwa ya sukari tangu zamani. Sindano, sindano, sindano. Sasa nimeacha. Nakunywa yako tu."

"Umeacha tangu lini?"

"Kabla ya Pasaka."

Nilimwambia arudi kwenye sindano leo, saa hiyo hiyo, kwamba kilichomo kwenye chupa si dawa. Alinisikiliza kwa upole, akamgeukia Ekal.

"Prof wetu hapendi sifa," Ekal alimwambia.

"Mtu mkubwa hajisifu," Mama Achol akakubali. Akanigeukia. "Nani anaweka sura yake kwa kitu ya uongo?"

"Sikuiweka mimi."

"Lakini sura ni yako?"

"Ni yangu."

"Na kazi ya hiyo mti? Ni yako?"

"Ni yangu, lakini..."

"Basi," akasema, na kwake mambo yakawa yamekwisha.

Nilimuuliza kwa nini aliacha sindano. Alisema zilikuwa zimechoka. Anadunga, sukari iko juu. Anadunga tena, iko juu vilevile. Zilimchosha na zenyewe zimechoka. Nikamwomba nione mguu. Akasema ni jiwe tu lilimkata, akauvuta nyuma chini ya sketi. Alichukua chupa yake akatoka akichechemea kwenye jua, na mimi, badala ya kumfuata, nilibaki dukani kugombana na mtoto wa kaka yangu.

Hapo inabidi niwaambie kuhusu makala yangu nyingine, ile isiyojulikana. Sindano za insulini hazipendi joto. Nyumba ya mabati ya Kakuma mchana inazipika kimyakimya. Kwa macho unaona dawa ileile, lakini nguvu imekwenda. Mimi na wenzangu wachache tulizunguka zahanati na nyumba za watu hapa Turkana tukijaribu njia za kuzihifadhi pasipo na umeme. Njia iliyofaa ni chungu ndani ya chungu. Kati ya vyungu hivyo weka mchanga, mchanga uloweshe maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini panapopita upepo. Chupa ya dawa itie kwanza kwenye mfuko usioingiza maji. Barafu usiitumie, kwa kuwa dawa ikiganda imeharibika kama ile iliyopikwa. Dawa ambayo kawaida ni angavu ukiiona ina ukungu au vipande, itupe, hata kama roho inauma. Hayo yote tuliyaandika na kuyachapisha. Makala hiyo imetajwa mara chache sana, na baadhi ya hizo ni mimi mwenyewe niliyejitaja.

Kwa hiyo mwanamke yule aliponiambia sindano zimechoka, jibu lake nilikuwa nalo kichwani, nimelifanyia kazi mwenyewe. Ningemuuliza tu, "Mama, unaziweka wapi?" Sikuuliza. Nilikuwa nimeshughulika na jina langu.

"Anti, unaniangusha mbele ya kastama," Ekal alisema.

"Unauza sumu kwa jina langu."

"Sumu aje? Wazee wamekunywa hii tangu zamani." Akatoa simu, akaifungua makala yangu. Alikuwa nayo, jamani. Alikuwa ameihifadhi. "Soma hapa mwisho. Mti huu unaweza kuwa tiba. Umeandika wewe ama si wewe?"

"Unaweza, Ekal. Kuweza kuwa si kuwa."

"Kwa Kiswahili ya duka, unaweza ni ndiyo. Na hawa wote wamekutaja? India, China? Ni wajinga?"

Kumjibu ingebidi nimwambie kwamba wengi wa wale walionitaja hawakunisoma. Walisoma waliomsoma aliyenisoma. Ingebidi nimwambie kwamba nilijua hivyo nilipokuwa nimekaa pale ukumbini na shanga zangu, nikipigiwa vigelegele. Ekal hakuwa tapeli. Aliamini kabisa alichokisoma, na aliyemfundisha kuamini hesabu ile ni mimi.

Nililala kwao. Kesho yake nikaenda kliniki ya kambini, nikamweleza muuguzi habari za Mama Achol. Akasema anamfahamu, kwamba wamemtafuta, na kwamba akiwaona wanakuja hutokea mlango wa nyuma. Nikaamua kungoja Jumapili. Kama watu waliamini uso wangu kwenye karatasi, nilijiambia, wataamini zaidi ukiwa na mdomo.

Mchungaji alinipa nafasi baada ya matangazo. Kanisa lilijaa, kwaya imekaa upande wa kulia, Mama Achol mbele kabisa, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Nami nikafungua kinywa, ikatoka hotuba ya chuo kikuu. Nilisema matokeo ya awali kwa wanyama hayatoshi kuthibitisha usalama na ufanisi kwa binadamu. Nilisema panahitajika majaribio ya kitabibu yanayodhibitiwa. Watu waliitikia kwa vichwa kwa adabu, kama mnavyofanya ninyi.

Mwanamume mmoja akainua mkono. "Kwa hivyo kwa panya inafanya kazi?"

"Ndiyo, sukari ilishuka."

"Na kwa mtu?"

"Hatujui."

"Hamjui, ama hamtaki kusema?"

Sauti nyingine ikatoka nyuma: "Wanataka wapeleke Nairobi, halafu wakuje kutuuzia bei ya hospitali!" Kanisa zima likacheka. Nilimtazama Mama Achol. Alikuwa akinionea huruma, kama unavyomwonea huruma mtu aliyetishwa ili aseme asichokiamini.

Jumatatu chupa zote ziliisha kabla ya saa sita. Ekal hakunicheka. Afadhali angenicheka. Nilipanda basi kurudi Lodwar, na njia nzima abiria wa kiti cha pili alikuwa akinigeukia, halafu anamnong'oneza mwenzake. Ndipo nilipoanza kuvaa shuka.

Simu ya Ekal haikuchelewa sana. "Anti, Mama Achol ameanguka kwa mazoezi ya kwaya. Nimemweka kwa pikapu. Tunakuja Lodwar." Sauti yake haikuwa na utamu wa dukani.

Nilimkuta Ekal hospitalini ameegemea ukuta wa veranda, shati limelowa jasho, mikono inanuka usaha, maana yeye ndiye aliyembeba. Mguu wa Mama Achol ulikuwa umeoza kutoka vidoleni kuja juu. Daktari aliyempokea alikuwa kijana niliyemfundisha miaka ya mwisho ya kazi yangu. Aliniita chumbani kwake. Chupa ilikuwa juu ya meza, wameikuta kwenye mfuko wa mgonjwa. Alipoona ninaitazama, alinyoosha mkono akaigeuza, uso wangu ukaelekea ukutani.

"Tutaukata juu ya kifundo, Prof," akasema. "Tukichelewa tutamkosa."

Alinipa kiti, akaniagizia maji. Nimewahi kutukanwa na wakaguzi wa makala walioficha majina yao. Nimewahi kuzomewa na wanafunzi wakati wa mgomo. Sijaumizwa na kitu kama namna kijana yule alivyoigeuza ile chupa kwa heshima.

Wakaukata. Akaishi.

Ekal alirudi Kakuma akamwaga mapipa yote ya dawa kwenye laga iliyo nyuma ya duka lake, ule mto unaokauka zaidi ya unavyotiririka. Mkewe aliniambia mbuzi walikuja kulamba mchanga kwa ajili ya asali, naye Ekal akawa anawafukuza kwa mawe huku analia. Alibandua karatasi za chupa moja moja. Aliponijia aliniambia tu, "Niliweka uso wako ndiyo watu waamini." Nilimjibu kwamba najua.

Lakini jina likishatoka halina kamba. Wapo walioiga. Wiki kadhaa baadaye nilikwenda Kalokol kununua samaki wakavu, na hapo kati ya malori nikajikuta tena kwenye chupa, nimedurufiwa mpaka nimekuwa mweusi, shanga hazionekani, meno tu. Muuzaji hakunitambua. Nilimwambia dawa hiyo si ya kweli. Akaniambia, "Mama, wewe umesoma kushinda huyu?" akigonga kidole kwenye paji la uso wangu wa kwenye chupa.

Niliandikia pia jarida lililochapisha makala, nikawaomba waweke dokezo: kwamba sentensi ya mwisho isichukuliwe kuwa ushauri wa tiba, kwamba mwandishi mwenyewe anasema hakuna anayejua mti huu unamfanya nini binadamu. Walivutana nami kwa muda mrefu, mwishowe wakalichapisha, aya fupi. Nimeangalia tena simu yangu juzi, si kwa furaha. Makala imetajwa na watu wapya. Dokezo halijatajwa na mtu.

Basi mkiniuliza mafanikio ya utafiti ni nini, mnaniuliza mtu ambaye hesabu yake inapanda kila anapotaka ishuke. Ninachoweza kuwaambia ni kazi ndogo. Sentensi ya mwisho iandikeni kwanza, mkiwa bado hamjapendezwa na nafsi zenu. Muulizeni mgonjwa anaweka wapi dawa zake. Na msipande mimbari kabla hamjamwambia jambo lenu mtu mmoja tu aliyeketi mbele yenu, likamwingia.

Hilo la mwisho nimelijua hivi. Mama Achol alipoanza kupata nafuu nilikuwa nikienda wodini kila nilipopata moyo. Siku moja nilimpelekea vyungu viwili na mchanga, nikakaa chini sakafuni kumwonyesha jinsi ya kuvipanga. Alifuata kwa makini, akauliza kama maji ya chumvi yanafaa. Nikamwambia yasiyo na chumvi ni bora. Alipomaliza kuelewa, alijiegemeza kwenye mto.

"Daktari, hiyo panya zako. Sukari ilishuka kweli?"

"Ilishuka."

"Zote?"

"Karibu zote."

"Na saa hii ziko wapi?"

Ningeweza kumwambia ni zamani sana, panya haishi miaka mingi. Lingekuwa kweli pia. Lakini alikuwa amelala pale, na blanketi limelala bapa mahali mguu wake ulipoishia.

"Tuliziua, mama," nikasema. "Siku ya mwisho ya utafiti tuliziua zote, tukazipasua tutazame ini na figo. Ndivyo inavyofanywa."

"Hata zile zilipona?"

"Hata zilizopona."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kula. Mama Achol alinikazia macho. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, mabega yakafuata, akacheka mpaka muuguzi akaja mbio kudhani amezidiwa. Alijifuta machozi kwa ncha ya shuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama ile siku ya dukani.

"Malesh, Daktari," akasema, akinipa pole kwa Kiarabu cha Juba. "Hiyo ndiyo ungesema kanisani."